Ukimya wa Hiari: Juu ya Mwandishi Anayejitenga na Mitandao ya Kijamii

Mwandishi hujulikana kwa maneno yake. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kuwa anaponyamaza ameacha kazi. Zamani dhana hii haikuwa na nguvu, kwa sababu baina ya kitabu na kitabu msomaji hakumwona mwandishi wala hakutazamia kumwona. Leo humwona kila siku. Mwandishi ana ukurasa wake katika mtandao wa kijamii. Humo huonekana asubuhi na jioni, huulizwa na kujibu, husifiwa na kutukanwa. Siku anapotangaza kwamba atajitenga na mitandao kwa mwezi mmoja au mitatu ili apate kuandika, huzuka hukumu mbili. Baadhi ya watu husema amefanya vema, maana kazi ya mwandishi ni kuandika wala si kupiga soga. Wengine husema amewatupa wale waliomkuza. Kila upande una sehemu ya haki, na kwa sababu hiyo swali lenyewe lastahili kupimwa kwa utulivu: je, mwandishi ana haki ya kunyamaza kwa hiari yake? Na kama anayo, haki hiyo yamdai wajibu gani?

Swali hili laweza kuonekana dogo. Mtu kuiweka simu kando kwa siku thelathini si tendo la ushujaa, na mkulima anayeamka alfajiri kwenda shambani hatashangazwa nalo. Lakini chini yake limelala swali kubwa zaidi, nalo ni hili: akili ya mwandishi, saa anapoandika, ni mali ya nani? Ikiwa ni mali yake mwenyewe, anaweza kuifunga na kuifungua apendavyo. Ikiwa ni amana ya jamii iliyomlea na kumpa lugha, basi hana ruhusa ya kuificha bila kueleza sababu. Tabia ya kujitenga haiwezi kuhukumiwa sawasawa mpaka jambo hili limetazamwa.

Yafaa kuanza na historia, kwa maana kujibizana si jambo jipya katika fasihi ya Kiswahili. Katika karne ya 19 tungo za mabishano zilisafiri baina ya Lamu na Mombasa, na Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alikumbukwa na watu wa Mvita kwa majibu yake makali kama alivyokumbukwa kwa mapenzi na hekima zake. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa mwaka 1923, washairi wa Tanganyika na nchi za jirani walipata uwanja mpana wa kuulizana mafumbo, kujibizana na kukosoana. Mwandishi wa Kiswahili hakuwa kamwe mtu wa pangoni. Alitunga mbele ya watu, na watu walimjibu.

Walakini Mambo Leo lilitoka mara moja kwa mwezi. Mshairi aliyeona ametajwa kwa kejeli katika toleo la Machi hakuweza kumjibu mwenziwe kabla ya Aprili, na pengine Mei. Katika siku zile za kungoja hasira ilipoa, vina vilipimwa, na neno lililotaka kutoka kwa pupa lilipata nafasi ya kufikiriwa mara ya pili. Ndivyo ilivyokuwa kwa barua pia. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua ambazo zimehifadhiwa tangu mwaka 1931 hata 1958. Barua ilikaa njiani, na jibu lake nalo likakaa njiani. Hakuna aliyesema kuwa mwandishi amejitenga, kwa sababu umbali na posta vilimtenga bila kuulizwa. Pumziko lilikuwa ndani ya chombo chenyewe.

Vyombo vya leo vimeliondoa pumziko hilo. Facebook ilianza mwaka 2004. Twitter, ambayo tangu 2023 huitwa X, ilianza mwaka 2006. Instagram ilifuata mwaka 2010. Vilipoingia katika simu ya mkononi vilikuwa gazeti, barua na baraza kwa pamoja, tena baraza lisilofungwa usiku. Jibu ambalo zamani lilichukua mwezi sasa huchukua dakika, na anayechelewa kwa siku mbili huonekana ana kiburi. Kwa hiyo yule anayepanga kujitenga haleti desturi mpya ya kuwakimbia watu. Anajaribu kurudisha kwa mkono wake kitu ambacho zamani aliletewa na meli, mchapaji na tarishi. Tofauti ni kuwa kitu hicho kilikuja kwa lazima, na sasa hakiji ila kwa kuchaguliwa. Jambo la kuchaguliwa huingia katika hukumu ya maadili. Jambo la lazima haliingii.

Hasara ya kukosa pumziko ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya akili. Mwaka 2009 mtaalamu Sophie Leroy alichapisha uchunguzi wake juu ya watu wanaoiacha kazi moja kabla ya kuimaliza na kushika nyingine. Akaonyesha kwamba sehemu ya mawazo hubaki katika kazi iliyoachwa, na kazi ya pili hufanywa kwa akili pungufu. Wahenga walilijua jambo hili bila ya maabara waliposema kuwa mshika mawili moja humponyoka. Mwandishi anayeiacha sentensi katikati ili atazame nani amemjibu hairudii sentensi ile akiwa mzima. Hurudi na sauti ya mgeni masikioni.

Hasara ya pili ni nzito zaidi, ingawa husemwa mara chache. Na achukuliwe mfano wa mwandishi wa riwaya anayemwandika mama aliyekataa kumsamehe mwanawe. Riwaya nzima yategemea ugumu wa moyo wa mama huyu, kwani mwandishi anataka kujua msamaha unaocheleweshwa humfanya nini yule anayeuchelewesha. Sura tatu zimekwisha. Anaweka aya mbili katika ukurasa wake. Wasomaji mia mbili wanaandika wakimwomba mama asamehe. Wengine wanasimulia habari za mama zao wenyewe kwa machozi. Mwandishi si jiwe. Sura ya nne inaandikwa, na mama anasamehe. Wasomaji wanafurahi kwa siku moja. Zimebaki sura nane, nazo hazina la kusema, kwa sababu swali lililozibeba limejibiwa kabla ya wakati wake. Hapa hakuna aliyefanya uovu. Wasomaji walisema kwa upendo, na mwandishi alisikia kwa upendo. Hata hivyo kitabu kimeharibika, na wa kwanza kupoteza ni wasomaji walewale, ambao hawatapata kamwe kukisoma kitabu ambacho kingewasumbua na kuwafaa. Badala ya mwandishi kuwaandikia wasomaji, wasomaji wamemwandika yeye.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atakuwa na pingamizi hapa, na pingamizi lake ni zuri. Atasema kwamba fanani wa ngano hutamba mbele ya hadhira. Yeye huanza kwa paukwa, nao huitikia pakawa. Huimba nao, huulizwa nao, na bila ya wao hakuna hadithi. Kwa nini basi mwandishi aogope maitikio? Jibu ni kuwa fanani huja barazani akiijua njia ya hadithi yake. Hadhira humwongezea joto, humfanya arefushe hapa na kufupisha pale, lakini haimwamulii kama sungura atanaswa au ataponyoka. Alikwisha kuisikia ngano hiyo kwa bibi yake, akaikalia, akaijaribu peke yake kabla ya kuitoa. Yupo fanani anayetamba, na nyuma yake yupo fanani aliyekaa kimya akikumbuka. Mitandao humwita mwandishi barazani kabla hajamaliza kukumbuka.

Hata hapo haki ya kunyamaza haijathibitika, kwa kuwa yako madai mawili dhidi yake ambayo hayaondoki kwa mfano wa riwaya iliyoharibika.

Dai la kwanza ni la mkate. Katika Afrika ya Mashariki biashara ya vitabu imeegemea sana vitabu vya shule. Riwaya au diwani isiyoingia katika mtaala aghalabu huuzwa na mwandishi mwenyewe: hutangaza katika ukurasa wake, mnunuzi hulipa kwa simu, na kitabu hutiwa katika basi la kwenda Mwanza au Kisumu. Kwa mwandishi wa namna hii mwezi wa ukimya ni mwezi wa duka lililofungwa. Imeandikwa juu ya Jonathan Franzen wa Marekani kwamba alikwenda mbali hata akaziba kwa gundi tundu la waya wa mtandao katika kompyuta aliyoandikia. Ni kisa cha kufurahisha, lakini Franzen ana mchapishaji, wakala na maduka yanayomwuzia. Kumpa mwandishi wa Tanga au Bukavu shauri hilohilo bila kuhesabu ada ya shule ya watoto wake ni kumkejeli. Ukimya una bei, na bei hiyo si sawa kwa watu wote.

Dai la pili ni la uraia. Mwandishi ni mtu aliyepewa na jamii uwezo wa kusema, na kuna siku ambazo kusema ni deni. Mwezi wa Juni mwaka 2024 vijana wa Kenya walipoupinga Muswada wa Fedha, mitandao ndiyo iliyokuwa kiwanja chao: humo vifungu vya muswada vilielezwa, humo watu waliitana, na humo walioumizwa na waliouawa walitajwa. Siku ya tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Mwandishi aliyekuwa amejitenga wiki zile ili amalize diwani ya mapenzi angeulizwa, na kwa haki, alikuwa wapi.

Madai haya mawili yakiunganishwa yaonyesha kwamba ukimya peke yake si wema. Methali husema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini methali haikusema kila kimya kina mshindo. Kiko kimya cha woga, kiko cha uvivu, na kiko cha mtu ambaye hana la kusema tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, kiko kimya cha kulazimishwa, nacho lazima kitengwe kabisa na cha hiari. Mwezi wa Januari mwaka 2021, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima. Waandishi wa huko walinyamaza, lakini hakuna awezaye kusema kuwa walipumzika. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya tangu mwaka 1969 hata 1972 kwa sababu ya waraka wake ulioitwa Kenya: Twendapi? Kifungoni aliandika kwa siri, katika karatasi za chooni, mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki, kitabu kilichochapishwa mwaka 1973. Wako watu wanaotaja kisa hiki kana kwamba upweke wa gereza ndio uliozaa ushairi ule. Hayo ni makosa ya fikira na ya heshima. Gereza lilitaka asiandike. Aliandika licha ya gereza. Upweke ulikuwa mali ya waliomfunga, na hiari ilikuwa yake. Ikiwa kisa hiki chafundisha kitu juu ya kujitenga, ni kwamba kinachozaa ni hiari wala si ukuta.

Basi itafutwe sura ya upweke wa hiari ambao jamii yenyewe huuheshimu, na sura hiyo si ya kutafutwa ng'ambo. Makabila mengi ya Afrika ya Mashariki yalijua kumbi. Wari wa jando walitengwa na kijiji kwa muda, wakakaa mahali pao na walezi wao. Kijiji hakikudhani kuwa wametoroka. Siku ya kuingia ilijulikana, chakula kilitoka nyumbani kikapelekwa, na siku ya kutoka ilingojewa kwa ngoma. Dini nazo zina mifano yake: Waislamu wana itikafu, hasa katika siku kumi za mwisho za Ramadhani, ambayo mtu huiingia msikitini kwa nia, Wakristo wana mafungo. Katika yote haya mtu hujitenga na watu bila ya kuwakana. Huondoka mbele ya macho yao kwa idhini yao, na hutazamiwa arudi na kitu ambacho hakuwa nacho alipoingia.

Kwa kipimo hiki yaweza kusemwa ni wakati gani mwandishi anayejitenga na mitandao anafanya haki. Sharti la kwanza ni muda. Wari walijua kwamba kumbi ina mwisho. Mwandishi anayesema nitarudi nikijisikia hakupanga mapumziko. Amehama, au anatishia kuhama ili abembelezwe. Anayesema nitarudi mwanzo wa Septemba amejifunga, na kujifunga huko ndiko kunakompa uhuru, kwa sababu hana haja ya kuamua upya kila asubuhi kama leo atazame au asitazame.

Sharti la pili ni taarifa. Ahadi ni deni, na mwandishi aliyewazoesha watu kumwona kila siku ameweka ahadi hata kama hakuitamka. Kutoweka bila neno huwatia wengine wasiwasi kwamba ni mgonjwa, na wengine fedheha kwamba wamemkosea. Taarifa fupi yatosha: naondoka lini, narudi lini, na mwenye haja ya lazima anipate wapi. Lakini hapa pana mtego. Taarifa ya kuondoka yaweza kugeuka kuwa tamasha. Mwandishi huandika waraka mrefu wa kuaga, akaeleza jinsi ulimwengu ulivyojaa kelele na jinsi yeye alivyochoshwa nazo. Kisha hukaa siku nzima akihesabu waliosikitika. Mtu huyu hajaondoka. Ameufanya ukimya wenyewe kuwa bidhaa ya mtandao, na atakaporudi ataiuza tena kwa waraka wa pili juu ya mambo aliyojifunza.

Sharti la tatu ni naibu, nalo lajibu dai la mkate kwa kadiri liwezavyo kujibiwa. Chakula cha kumbini hakikujipeleka. Mwandishi anayeuza vitabu vyake mwenyewe anahitaji mtu wa kupokea maagizo, kufunga vifurushi na kuwaambia walimu kwamba barua zao zimefika. Ukweli mmoja haupasi kufichwa: mtu huyo aghalabu ni mke, dada, au mpwa aliyemaliza shule na bado hajapata kazi. Wakati mwandishi anapofurahia utulivu wake, simu inalia mkononi mwa mwingine. Ukimya wa mwandishi haupatikani bure, na aghalabu anayeulipia si yeye. Hapa ndipo uadilifu wa mwandishi hupimwa zaidi kuliko katika hotuba zake zote juu ya sanaa. Ikiwa msaidizi amekubali kwa hiari, akalipwa au akasaidiwa naye kwa zamu yake, kumbi ni halali. Ikiwa amebebeshwa tu kwa kuwa ni mdogo au ni mwanamke, basi mwandishi hakuondoa kelele duniani. Amezihamishia chumba cha pili. Na pale ambapo hakuna naibu wala akiba, mwandishi afupishe muda. Siku saba zinazowezekana ni bora kuliko siku tisini zitakazoleta deni dukani.

Sharti la nne ni kazi. Watu hudhani kwamba mtandao ukiondolewa, uandishi utajaza nafasi yake kama maji yajazavyo shimo. Haiwi hivyo. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa Hunt Allcott na wenzake watatu. Waliwalipa watu wa Marekani wazifunge kurasa zao za Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018. Watu wale walipata kwa wastani kama saa moja zaidi kila siku, na walisema wanajisikia vema kwa kiasi kidogo. Lakini ujuzi wao wa habari za siasa ulipungua, na sehemu ya wakati uliopatikana walitazama televisheni peke yao, ijapokuwa walikaa zaidi na jamaa na rafiki pia. Uchunguzi huu una mizani nzuri kwa swali hili. Wakati hurudi kweli, ila hauji umeandikwa juu yake kuwa ni wa riwaya. Na bei hulipwa kweli: anayejitenga hujua machache kuliko wenziwe. Kwa hiyo anayeingia kumbini bila ya kazi maalumu, iwe sura tano za kuandikwa au rasimu moja ya kusahihishwa, amebadilisha kelele moja kwa nyingine na kulipa bei bila ya kupata bidhaa.

Vyombo vya kujizuia vyaweza kusaidia. Zadie Smith, katika shukrani za riwaya yake NW ya mwaka 2012, alizishukuru programu mbili za kompyuta ambazo kazi yake ni kumfungia mtu intaneti asiifikie. Ni shukrani za unyenyekevu, kwa maana zakiri kwamba mwandishi stadi naye anahitaji kufuli. Hakuna aibu katika kufuli. Odiseo wa Wayunani alijifunga mlingotini asije akazifuata sauti zilizompendeza. Hakujidai kuwa na moyo wenye nguvu kuliko ulivyokuwa. Lakini kufuli hulinda mlango tu. Haliandiki.

Limebaki dai la uraia. Je, mwandishi aliyeahidi kukaa kimya hata Septemba anafanya haki akivunja ukimya mwezi Julai kwa sababu nchi imewaka moto? Jibu la haraka ni ndiyo, kwani hakuna kitabu kilicho juu ya uhai wa watu. Jibu hili ni la kweli, lakini lahitaji ulinzi, kwa sababu mitandao huwaka moto kila wiki, na kila moto hudai kuwa ndio mkubwa. Anayetoka kumbini kwa kila kamsa hakuingia. Kipimo kiwezacho kutumika ni hiki: neno la mwandishi huyu, saa hii, laongeza kitu ambacho wengine hawawezi kukiongeza? Kama anajua jambo ambalo likifichwa watu wataumia, au jina lake laweza kumkinga mtu mmoja aliyekamatwa, basi anyanyuke na aseme, na kitabu kingoje. Kama neno lake litakuwa la elfu tano na moja likirudia yaliyosemwa na elfu tano, huenda anataka kuonekana zaidi ya kusaidia. Mwandishi mwaminifu hujua tofauti hii moyoni, ingawa huenda asipende kuikiri. Na hata akikaa kimya kwa haki, hana ruhusa ya kukaa katika ujinga: kufunga ukurasa si kufunga gazeti wala redio, na naibu aliyeachwa mlangoni aweza kuagizwa abishe hodi siku ya hatari.

Sasa lile swali la mwanzo laweza kurudiwa. Akili ya mwandishi, saa anapoandika, ni mali ya nani? Kusema ni yake peke yake si sahihi, kwa kuwa lugha anayoandikia aliikuta, na wasomaji wake ndio wanaoyapa maneno yake maana. Kusema ni ya umma kila saa si sahihi pia, kwa kuwa umma ukiichukua yote hapatabaki kitu cha kuupa. Iliyo karibu na ukweli ni kuwa akili hiyo ni amana, kama shamba la ukoo. Mlimaji ana haki ya kulilaza msimu mmoja. Wala hakuna mzee mwenye busara atakayesema kwamba shamba lililolazwa limetupwa, maana hujua ardhi isiyolazwa huchoka. Lakini mlimaji yule yule hana haki ya kulilaza miaka kumi kwa uvivu na kuuita uvivu wake kilimo. Ukoo waweza kumwuliza: utalima lini? Naye ana wajibu wa kujibu.

Ndiyo sababu mapumziko yaliyopangwa ni bora kuliko kutoroka, na ni bora pia kuliko kuvumilia kila siku mpaka moyo ukauke. Mpango huwapa wasomaji haki ya kuuliza siku ya kurudi, na humpa mwandishi haki ya kutoulizwa kabla ya siku hiyo. Ikifika, arudi bila makuu. Ayafungue maswali yaliyomngoja, ayajibu yanayojibika, amshukuru aliyeshika zamu mlangoni na kumlipa anachomdai. Ikiwa kurasa alizoandika ni nzuri, zitajieleza zenyewe wakati wake ukifika. Ikiwa si nzuri, aseme kweli kwamba alijaribu akashindwa. Wasomaji waliomngoja kwa subira wanastahili kuambiwa hivyo, wala hawatamdharau kwa kuwaambia.